Mizani Iliyomtii Mwenye Kinu

Mizani ya kwanza niliyoitengeneza kwa mikono yangu ilimpima jogoo ikamkuta hana uzito. Alikuwa jogoo mnene, amefungwa miguu kwa kamba ya mgomba, na mwenye jogoo alikuwa amesimama palepale anatazama. Nalieleza hili kwa sababu mwezi uliopita, mliponiaga nikistaafu, mmoja wenu alisimama akasema kwamba Mama Konsolata katika maisha yake yote hajawahi kukosea kwenye mizani. Nilinyamaza, maana keki ilikuwa haijakatwa. Sasa imekatwa na imeliwa, basi niseme ukweli.

Vyeo nilivyopewa na mishahara niliyopokea viko kwenye mafaili. Atakayevitaka akavisome huko, hatachelewa. Mimi nataka kuwaeleza juu ya mwaka wangu wa kwanza Gisenyi, mji uliopakana na Goma, ambao umenifundisha kuliko miaka yote iliyofuata.

Nilifika mwishoni mwa miaka ya tisini nikitokea Tanzania, nilikozaliwa na kusomea ufundi wa elektroniki. Nilikuwa na sanduku la nguo, cheti, na chipu mbili za mikrokontrola nilizozitia ndani ya soksi ya sufi. Leo nikimwona kijana ameweka chipu ndani ya sufi namtoa karakana kabla umeme wa sufi haujaitoa chipu duniani, lakini Mungu huwahurumia wajinga kwa muda. Mikrokontrola, kwa wale watakaosoma hii bila kuwa mafundi, ni kompyuta nzima iliyowekwa ndani ya chipu moja. Ninyi mnazinunua kama karanga. Mimi nilikuwa na hizo mbili, na sikujua kama mji mzima ulikuwa na ya tatu.

Nilipata kazi kwa Papa Gaspari. Karakana yake ilikuwa nyuma ya duka la vitenge, hatua chache kutoka sokoni. Alikuwa ametengeneza geji na vipimo vya kiwanda cha chai kwa miaka mingi, na alikuwa na tabia ya kuzungumza na vifaa kwa adabu kuliko alivyozungumza na watu. Siku ya kwanza alinipa nyaya mbili nizilehemu pamoja. Nikalehemu. Akazivuta kwa koleo, zikaachana.

“Bon,” akasema, yaani haya basi. “Kesho tena.”

Siku ya pili, kesho tena. Siku ya tatu alivuta mpaka uso ukamwiva, nyaya zikashika. Akaniuliza jina langu.

Kazi iliyonipa sifa na aibu kwa pamoja ilikuja baada ya miezi miwili. Ushirika wa wakulima wa viazi ulikuwa na ghala pale mjini, na katika ghala hilo kulikuwa na mizani ya umeme iliyoletwa na wafadhili: sahani pana ya chuma yenye miguu minne, na kichwa chenye kioo cha namba. Radi ilipiga, kichwa kikaungua. Wafadhili walikuwa wamekwisha kuondoka na picha zao. Papa Gaspari akaikagua sahani mguu kwa mguu kwa mita yake, akasema, “Miguu iko mizima. Kichwa ndiyo kimekufa. We uko na ule Musiye yako. Mutengenezee nyumba.”

Musiye, yaani Bwana, ndilo jina alilompa mikrokontrola. Hakukubali kamwe kusema kwamba hajui anavyofanya kazi. Alimheshimu tu, kama mkwe.

Niwaeleze kilichomo ndani ya mguu wa mizani, kwa sababu siku hizi mnanunua bodi ndogo iliyokwisha kufanya kila kitu, na hamjui mnamshukuru nani. Ndani mna kipande cha chuma kilichobandikwa rezista nne nyembamba kama karatasi, zimeunganishwa kwa umbo la almasi. Tunaliita daraja. Ukiweka gunia juu, chuma kinajikunja kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, rezista mbili zinavutwa, mbili zinabanwa, na daraja linatoa umeme kidogo: sehemu chache za elfu za volti moja. Ni mnong’ono. Naye Musiye hasikii minong’ono. Anataka aambiwe kwa sauti, kuanzia sifuri hadi volti tano, na yule wa zama zile aliigawa sauti hiyo katika ngazi mia mbili hamsini na sita tu. Kazi ya fundi ni kuukuza mnong’ono uwe sauti bila kuongeza maneno ya kwake.

Mimi niliongeza maneno mengi.

Kwanza nilichukua waya mmoja wa daraja nikaukuza mara nyingi kadiri nilivyoweza. Nikawasha.

“Iko inasema nini?” Papa Gaspari akauliza.

“Kilo mia moja na ishirini.”

“Na juu yake iko nini?”

“Hakuna kitu, Papa.”

Akavuta kiti. “Sikia, mutoto yangu. Hizi nyaya mbili ni majirani wawili. Kila mutu amesimama juu ya volti tano. We unamusikiliza mumoja peke yake, unasema, lo, huyu ni mukubwa! Mi sitaki kujua ukubwa yake. Nataka kujua amemupita mwenzake na ngapi.” Kisha akaenda kwenye boksi la vitu vya kiwanda cha chai akanitolea bodi kuukuu yenye amplifaya tatu zilizopangwa mahsusi kwa kazi hiyo: kupokea nyaya mbili, kutupa kile kilicho sawa baina yao, na kukuza tofauti peke yake. Alifuta vumbi kwa mkono wa shati lake la kanisani.

Ndipo akaja jogoo. Mama Zaituni, mwenye duka la vitenge mbele yetu, alisikia kwamba mizani imepona, akaleta jogoo wake ajue uzito kabla ya kumuuza. Nikamweka kwenye sahani. Sifuri. Jogoo akapiga mabawa. Sifuri. Mama Zaituni akamtazama jogoo, akanitazama mimi.

“Ina maana mi nimefuga roho?”

Daraja halikuwa sawasawa kabisa. Likiwa tupu lilitoa umeme kidogo chini ya sifuri, na amplifaya yangu haikuweza kushuka chini ya sifuri hata kwa kusukumwa. Kwa hiyo kilo tatu za kwanza za kitu chochote zilipotelea kwenye shimo. Dawa yake ni kuinua sakafu: unamwongezea amplifaya nusu volti, ili mizani tupu iseme nusu volti, kisha Musiye anaitoa hiyo nusu kwa hesabu. Jambo dogo, isipokuwa kwamba kumbadilishia Musiye hesabu kulitaka kwanza kumfuta. Chipu za siku zile zilikuwa na kidirisha cha kioo mgongoni, na zilifutwa kwa taa maalumu ambayo hatukuwa nayo. Jua pia hufuta, likipewa muda. Kwa mawingu ya Gisenyi ilichukua zaidi ya wiki. Chipu ilikaa juu ya bati, na Papa Gaspari alipanda ngazi asubuhi na mchana kuigeuzia jua, kama mtu anayeanika sambaza, dagaa wa ziwa la kule. Watu walimuuliza anakausha nini. Alijibu, “Kichwa.”

Sasa nafika kwenye kosa lenyewe.

Papa Gaspari alikwenda Ruhengeri kwenye harusi ya binti yake. Kabla hajapanda gari aliniambia, “Daraja na Musiye wakunywe kwa robine moja, unasikia?” Robine ni bomba la maji. Nikasema ndiyo. Sikuwa nimeelewa, ila gari lilikuwa linapiga honi. Wiki hiyohiyo viazi vilianza kushuka kutoka milima ya Kanzenze, na msimamizi wa ghala, tuliyemwita Shefu Inosenti, alikuja karakana mara mbili kwa siku kuuliza mizani. Nilikuwa na regyuleta moja tu, ile chipu inayotuliza umeme ubaki volti tano hata laini ikiyumba. Ya pili ingepatikana Goma, na mpaka siku hizo ulikuwa ukifunguliwa na kufungwa kama mdomo wa samaki. Basi regyuleta yangu nikampa Musiye. Daraja nikalilisha umeme mbichi, volti kama kumi, kutoka kwenye transfoma moja kwa moja, nikalinganisha mizani palepale karakana kwa mawe ya mizani niliyoazima, tukaibeba hadi ghalani. Watu wakapiga makofi. Shefu Inosenti alinipa Fanta mbili.

Wiki ya pili nilipita ghalani kujisifu kidogo. Nikakuta foleni ya wakulima wamekaa juu ya magunia yao, mizani iko wazi, hakuna anayepima. Ng’ambo ya ukuta kinu cha Hasani kilikuwa kinanguruma, kinasaga mahindi ya watu.

“Mnangoja nini?” nikamuuliza mwanamke wa mbele. Alikuwa Mama Nyirakamana, mkulima kutoka Kanzenze, mwanamke mwembamba mwenye sauti kubwa.

“Tunamungoja Hasani apumuzike.”

“Hasani na mizani wapi na wapi?”

Alinitazama kwa huruma. “Madamu Teknisiye, kinu ikilia, kirayi inapungua. Kinu ikinyamaza, kirayi inanona. Kila mutu wa Kanzenze anajua.” Kirayi ni kiazi.

Nilicheka. Naomba mkumbuke kwamba nilicheka, mbele ya watu ishirini, nikiwa na cheti. Nikawaeleza kwamba mizani haina masikio. Nikawaonyesha: kinu kikiwa kinasaga, sahani tupu, sifuri. Nikamwomba Hasani azime kidogo. Sahani tupu, sifuri. “Mnaona?”

“Ninaona,” akasema Mama Nyirakamana. “Mizani mutupu iko na sababu gani ya kudanganya? Weka gunia.”

Wakaweka gunia. Kinu kimezimwa: kilo themanini na tatu. Hasani akawasha, taa ya ghala ikafifia kidogo, namba ikashuka. Kilo sabini na sita. Akazima. Themanini na tatu. 

Mkiwa na akili mnaona tayari. Umeme unaolilisha daraja ndio unaoamua mnong’ono uwe mkubwa kiasi gani. Kinu kikivuta laini, daraja linapata chakula kidogo, linanong’ona kidogo. Naye Musiye, ameshiba volti zake tano zilizotulia, analipima kwa rula isiyobadilika na kusema gunia limepungua. Sahani ikiwa tupu hakuna mnong’ono wa kupunguza, ndiyo maana sifuri yangu ilikuwa nzuri wakati wote. Nilikuwa naikagua sifuri kila siku. Nilijivunia sifuri.

Lakini mambo mengine niliyapata pale kwenye foleni, na hakuna chuo kinachoyafundisha. Wakulima walikuwa wameligundua jambo hili siku ya tatu, wakaanza kumpelekea Hasani karoti, kabichi, na mara moja mguu wa mbuzi, ili apumzike viazi vyao vinapopimwa. Shefu Inosenti naye aliligundua siku ya nne, kwa sababu yeye ndiye mnunuzi, na viazi vyepesi vilimpendeza. Akaanza kupeleka mahindi yake kinuni asubuhi. Mahindi yalipokwisha akapeleka ya jirani. Kuna siku alipeleka unga usagwe tena. Hasani alipokea kutoka pande zote mbili kwa tabasamu lilelile. Alikuwa ameongeza kiti cha pili mlangoni pake, chenye mto, kwa ajili ya wageni. Mizani ilikuwa ya ushirika kwa maandishi tu.

Papa Gaspari aliporudi nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Nilitegemea anifukuze. Alinisikiliza huku akimenya karanga.

“Wale wa Kanzenze waliona siku ya ngapi?”

“Ya tatu, Papa.”

“Na we?”

“Ya tisa.”

Akatafuna. “Bon. Tutafute kazi kwa wale wa Kanzenze.” Kisha akaniuliza, “Robine ngapi?”

“Moja,” nikasema, na safari hii nilielewa. Usipigane na laini iyumbe au isiyumbe. Lipe daraja na Musiye volti zilezile tano, kutoka chanzo kilekile, na hizo hizo ziwe rula ya Musiye. Zikishuka, mnong’ono unapungua, rula nayo inafupika kwa kiasi kilekile, na gunia linabaki gunia. Nikalihamisha daraja kwenye regyuleta. Kwa kuwa sasa lilipata nusu ya chakula cha mwanzo, nikabadilisha rezista moja ili amplifaya ikuze mara mbili zaidi. Kazi yote ilichukua mchana mmoja. Musiye hakuhitaji hata kufutwa, na Papa Gaspari, nadhani, alisikitika kutopanda ngazi.

Kilichokuwa kigumu ni mkutano. Wakulima walikuwa wameitisha kikao Jumamosi, ndani ya ghala, kuamua kama mizani itupwe na warudi kwa madalali wanaokadiria gunia kwa kulipiga teke. Shefu Inosenti alinivuta pembeni kabla hakijaanza.

“Umeshatengeneza, sivyo? Basi acha. Uwaambie ilikuwa vumbi.”

“Haikuwa vumbi, Shefu.”

“Mi najua haikuwa vumbi. Lakini vumbi haikasiriki ukiisingizia.”

Nakiri kwamba wazo hilo lilinivutia. Nilikuwa mgeni mjini, mwanamke mwenye bisibisi, na jina la karakana halikuwa langu peke yangu. Nikamtazama Papa Gaspari. Alikuwa amekaa mstari wa nyuma, amevaa shati la kanisani, anatazama paa. Hakunisaidia hata kwa kukohoa.

Nikasimama nikawaambia kwamba kosa lilikuwa langu. Nilieleza regyuleta moja, haraka yangu, na jinsi mizani ilivyopunguza kilo za kila gunia lililopimwa kinu kikisaga. Waliokuwa wakinung’unika chinichini wakaanza kunung’unika kwa sauti. Mzee mmoja akasema wizi ni wizi hata ukifanywa na waya. Nami, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuanza kusema kweli na sikujua pa kusimama, nikaendelea.

“Na kinu kikinyamaza,” nikasema, “ilikuwa inaongeza. Niliilinganisha karakana, ambako umeme ni dhaifu kuliko hapa. Gunia la themanini lilikuwa linasoma themanini na tatu.”

 Kila mtu alitazama miguu yake. Kabichi zote zilizowahi kupelekwa kwa Hasani zilipita mbele ya macho hayo, na mguu wa mbuzi ukifuata.

Mama Nyirakamana ndiye aliyepata sauti kwanza. “Donc, basi,” akasema polepole, “Shefu alikuwa anatuibia wakati wa kelele, na sisi tulikuwa tunamuibia wakati wa kimya?”

“Kwa kifupi, ndiyo.”

“Mana yanjye, Mungu wangu.”

Akageuka kumtazama Shefu Inosenti. Shefu Inosenti akamtazama. Katibu, aliyekuwa anaandika kumbukumbu za kikao, akainua kalamu akauliza, “Hii nayo niandike?”

“Andika ilikuwa vumbi,” akasema Mama Nyirakamana.

Wa kwanza kucheka alikuwa mzee aliyesema wizi ni wizi. Kisha walicheka wote, mpaka watu wa sokoni wakaja kuchungulia mlangoni. Mimi sikucheka, kwa sababu bado mizani ilikuwa haijajaribiwa. Tulikuwa tumeazima mizani ya chuma ya kuning’iniza, tukapima nayo gunia: kilo themanini. Likapandishwa kwenye sahani. Themanini. Mama Nyirakamana akapiga kelele ukutani, “Hasani, washa!” Kinu kikanguruma, taa ikafifia, watu themanini wakavuta pumzi. Themanini. “Zima!” Themanini. “Washa!” Walimwamuru hivyo mara saba, na mara ya saba nadhani walikuwa wanafurahia tu kumwamuru. Namba haikutikisika.

Mama Nyirakamana akaniambia, “Kichwa yako ni ngumu, lakini iko na mulango.” Nimepewa vyeti kadhaa tangu hapo. Hakuna kilichonieleza vizuri zaidi.

Wanangu, mkiwa na mizani mpya, ipimeni ikiwa imebeba mzigo, na mkiwaona watu wanangoja bila sababu, kaeni nao muwaulize. Jumamosi ile tuliporudi karakana, Papa Gaspari alinipa ufunguo wa mlango, akasema kuanzia Jumatatu nifungue mimi, yeye magoti yanamsumbua.

Jumatatu nilifungua. Mteja wa kwanza alikuwa Hasani. Alikuwa amevaa kofia yake safi, ameketi kwenye ngazi, na alionekana kama mtu aliyefiwa. Tulisalimiana, tukaulizana habari za nyumbani. Alisifu kazi yangu. Akasema tangu Jumamosi hakuna aliyemletea hata kitunguu.

“Madamu Teknisiye,” akasema, akiteremsha sauti, “we hauwezi kuiharibu kidogo? Si sana. Jumatatu na Alhamisi tu.”

Nilimwambia haiwezekani. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekubali mapenzi ya Mungu. Alisimama, akakung’uta unga kwenye kanzu yake, akafika barabarani, kisha akarudi.

“Na ile mashini ya kituo cha afya,” akauliza, “ile ya kupima presha ya watu. Nayo iko kwa laini yangu?”